Radhi ya Kiangazi

Kaka yangu hapandi miamba. Anayepanda ni mimi. Yeye hushika kamba. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemweleza kwamba tulikuwa tunapanga safari ya kwenda kupanda kwenye Milima ya Alpi kule Ulaya, mimi na yeye, huniuliza atapandaje mtu ambaye mtaa wetu wote hapa Kipawa unajua ana ugonjwa wa selimundu. Hapandi. Anasimama chini, kamba imepita kwenye kifaa kilichofungwa kiunoni mwake, macho yako juu, na mimi nikiteleza yeye ndiye anayenizuia nisifike chini. Nimeteleza mara nyingi. Hajawahi kuniachia.

Nilijifunza kupanda kwa kuangalia video kwenye simu. Karibu kila kitu ninachokijua nimejifunza hivyo. Chuo sikwenda. Baada ya kidato cha nne nilikaa nyumbani nikijifundisha kutengeneza kadi, za harusi na za michango, kwanza kwenye simu, baadaye kwenye kompyuta ya mitumba ambayo kaka aliifufua kwa vipuri vya kompyuta nyingine tatu. Mtu aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu ya aina yake. Anangoja siku atakapotokea mwenye cheti amuulize, nani kakwambia inafanywa hivyo? Basi mimi nahakiki. Kadi naisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha neno moja moja kutoka mwisho hadi mwanzo, ili macho yasinidanganye. Mteja akishaondoka nayo naendelea kuisoma kichwani. Niliwahi kumfuata bibi harusi hadi Mbagala, kadi zake nusu zikiwa zimeshagawiwa, kwa sababu niligundua kuna mahali nimeacha nafasi mbili badala ya moja. Hakuiona hata nilipomwonyesha kwa kidole. Aliniangalia kwa huruma, akanipa soda.

Sijivunii. Ni kama ugonjwa mdogo, na nimeuandika hapa ili nisieleweke vibaya huko mbele.

Kupanda kulinifaa kwa sababu fundo ama limefungwa sawa au halikufungwa sawa, na ukishalikagua, umelikagua. Nilianzia kwenye ukuta wa mbao katika jumba moja la mazoezi kule Msasani. Niliwatengenezea mabango, nao wakanilipa kwa kuniruhusu kupanda. Kaka alinisindikiza kwa sababu mama hakutaka niende peke yangu, akachoka kukaa kwenye benchi, akaanza kuuliza kamba inashikwaje. Huko ndiko tulikompata rafiki yetu, mwalimu mzungu aliyekuwa akifundisha shule ya karibu. Alipoona tunavyojitahidi alitupatia kamba yake ya akiba na kutupeleka kwenye mwamba wa kweli, machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi upande wa Kunduchi. Ukuta wake ni mrefu kama ghorofa tatu na juu kuna mkwaju mkubwa wa kufungia kamba. Yeye alikuja nasi mara chache. Sisi tulikwenda kila Jumapili ambayo kaka aliamka mzima.

Nimemzidi kaka uzito, ingawa yeye ndiye mkubwa. Ilibidi tumfunge kwa mkanda kwenye jiwe, la sivyo nikianguka angenyanyuka yeye. "Mdogo wangu, punguza chapati," alikuwa akinipigia kelele kutoka chini. "Siku moja utadondoka, mie nitafika juu kabla yako, tena bila kupanda." Msasani kila kitu kilisemwa kwa Kiingereza. Tukiwa wawili tulitunga maneno yetu. Kabla sijagusa mwamba nilimuuliza, "Unanipata?" kama mtu anayeongea na simu mtandao ukiwa mbaya, naye alinijibu, "Nakupata vizuri." Kutaka kushushwa nilisema, "Nirudishe nyumbani." Wavulana waliokuja machimboni kuokota kokoto waliliiga hilo na kulipigia kelele kila nilipofika katikati ya ukuta, hata kama sijachoka.

Mwaka jana rafiki yetu alirudi kwao. Anaishi kwenye bonde chini ya Alpi, nyumba ya wazazi wake, na mwanzoni mwa mwaka huu alituandikia kwamba kuna vyumba viwili vitupu. Mje wote wawili, alisema, mje Julai, nauli tutasaidiana. Niliusoma ujumbe ule kwenye fremu ya kaka, anakotengeneza feni na redio, yeye akiwa ameinamia feni la meza lililofunguliwa. Nilimsomea nikitarajia atacheka. Aliweka bisibisi chini.

"Unajua mie nimelala wodi ngapi mjini hapa?" alisema. "Manesi wananiita kwa jina la utani. Nataka nilale mahali ambapo simjui mtu hata mmoja, halafu niamke asubuhi nisiumwe popote."

Hakuwahi kuniambia anataka kitu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na safari ndefu kuliko zote alizowahi kufanya ilikuwa ya Tanga, kwenye msiba, akarudi amelazwa kiti cha nyuma. Safari hii ilikuwa kitu cha kwanza kukichagua mwenyewe. Tangu siku ile nilielewa kwamba tunachopanga ni safari yake, na miamba ni sababu tu.

Nikapanga kama ninavyojua kupanga. Daktari wa kliniki yake alisema mambo matatu ya kumwogopesha mtu mwenye damu kama ile ni baridi, kukaukiwa maji na hewa nyepesi ya mahali pa juu sana. Asipokwenda juu mno, akajifunika, akanywa maji, akabeba dawa zake na karatasi ya maelezo, anaweza kwenda. Nilitafuta kila mwamba wa bonde lile, upo juu kiasi gani, unafikiwa kwa njia gani, jua linaupiga saa ngapi. Nilipata miamba iliyo chini kabisa, karibu na barabara, ambako mshika kamba anaweza kukaa kwenye jua la asubuhi na chupa ya chai mkononi. Ya juu niliifuta yote, pamoja na ile niliyokuwa nikiitazama kwenye simu miaka yote. Nilitafuta hospitali iliyo karibu na kuthibitisha kwamba wanaujua ugonjwa wake. Niliandika kwamba mto wa pale unatoka kwenye barafu, asiingize hata mguu. Niliandika soksi za aina gani. Kila jioni nilimsomea kaka nilichoongeza, naye aliuliza maswali ya ajabu, kama vile ng'ombe wa kule wanafungwa kengele kweli au ni za kwenye video tu.

Nikiri kwamba miezi ile nilikuwa na furaha kuliko wakati mwingine wowote. Hofu yangu ilikuwa imepata kazi.

Kilichobaki kilikuwa radhi ya mama. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wake. Kaka ni mtu mzima, ana pasipoti yake na fremu yake, angeweza kuondoka bila kumuuliza yeyote. Lakini baba alifariki tukiwa wadogo, na mama ndiye aliyelala kwenye sakafu za wodi juu ya khanga yake, ameushika mguu wa mwanawe usiku kucha kwa sababu kuushika kulipunguza maumivu. Kaka alisema hawezi kupanda ngazi ya ndege huku mama yake hajamwambia nenda. Tulikubaliana azungumze yeye.

Alizungumza siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mama akiwa amenyoosha miguu kwenye mkeka. Nilikuwepo. Alimweleza habari za rafiki yetu, ambaye mama alimjua na kumpenda kwa sababu alikula ugali wake kwa mkono. Alimweleza tutakaa nyumbani kwa wazazi wake. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu, lile ambalo sote tulijua litakuja. Vipi baridi ya Ulaya?

"Tunakwenda kiangazi, mama," kaka akasema.

Mama alikaa sawa. "Kiangazi hasa?"

"Kiangazi hasa. Wenyewe ndiyo wakati wao wa kutoka nje."

Nahitaji kulieleza neno hili kama mama alivyolisikia. Kiangazi chetu ni Desemba mpaka Februari, kaskazi inavuma, mabati yanalia kwa joto, watu wanalala barazani na shuka wanaliona adui. Ndio wakati kaka huwa na afya njema. Hanenepi, lakini anacheka, anatembea mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Wakati wake mbaya ni kipupwe, Juni na Julai, ambapo wageni kutoka bara hutucheka tukivaa masweta. Kibaridi chetu kidogo kile humwingia kwenye mifupa, na mama huanza kumchemshia maji ya kuoga na kumpaka mafuta ya habasoda mgongoni kama mtoto mchanga. Kwa hiyo mama alipoambiwa kwamba mwanawe ataondoka Dar es Salaam Julai, katikati ya kipupwe, aende mahali ambapo muda huo ni kiangazi, alichosikia ni kwamba kuna mlango umefunguliwa na joto liko upande wa pili. Macho yake yalijaa machozi. Alisema Mwenyezi Mungu ana njia zake. Alimshika kaka kichwa kwa mikono miwili, akamsomea dua, akampa radhi.

Kaka hakunitazama.

Nilijiambia kwamba si uongo. Hata redio zinasema hivyo, kila mwaka watangazaji wa mpira hutangaza usajili wa kiangazi wa timu za Ulaya, na hakuna anayelalamika. Kamusi ingekubali. Lakini nilijua mama hakusikia neno la redio. Alisikia la kwake. Kila niliposoma mpango wetu, pale kwenye soksi za sufu, nililiona lile neno limekaa nyumbani kwetu kama kosa kwenye kadi ambayo imeshachapwa.

Nilivumilia wiki kadhaa. Huenda ningevumilia mpaka mwisho kama si mashati.

Mama hushona. Cherehani yake iko chumba cha mbele, na wanawake wa mtaani humletea madera na sare za shule. Siku moja baada ya alasiri niliingia nikamkuta amemaliza kazi za watu, ametandaza kitambaa cha pamba chepesi, cheupe kama maziwa, na juu ya kiti kuna mashati mawili yaliyokwisha. Yalikuwa ya mikono mifupi. Kola zake zilikuwa zimekaa vizuri ajabu. La tatu lilikuwa chini ya sindano.

"Hili nimeliwekea kimfuko hapa ubavuni," aliniambia bila kuinua kichwa, "maana kaka'ko bila bisibisi hatembei. Asije akaaibika kwa watu, ametota jasho."

Nilishika moja. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba niliona vidole vyangu upande wa pili. Nilimwona kaka amelivaa, amesimama chini ya mwamba asubuhi mapema, na mama huku nyumbani ametulia akiamini amemvalisha. Ningeweza kunyamaza. Masweta yalikuwa yamekwisha kununuliwa, yako kwenye begi chini ya kitanda changu. Mashati yangekwenda na kurudi bila kuvaliwa na mama asingejua kamwe. Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka ule muda ili nijue kama nilisema kwa kumhurumia mama, au kwa sababu siwezi kuishi na neno lisilokaa mahali pake. Sijapata jibu ninaloliamini.

"Mama," nikasema, "kiangazi cha kule si kama chetu."

Aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno. "Kikoje?"

"Mchana kuna jua. Usiku kuna baridi."

"Baridi kama kipupwe?"

Kwenye bonde, usiku mzuri, jibu lingekuwa ndiyo, au karibu na ndiyo.

"Kuzidi kipupwe, mama. Na milimani juu kuna barafu mwaka mzima."

"Na kaka'ko anajua?"

"Anajua. Hatapanda huko juu. Tumepanga kila kitu, daktari amesema..."

Aliinua mkono, si kwa hasira, kama unavyomzuia mtu asikanyage mahali palipomwagika maji. Alilitoa lile shati kwenye sindano, akalikunja pamoja na mengine mawili, akayaweka mapajani.

"Radhi yangu niliitoa kwa kiangazi," akasema. "Hiyo baridi yenu sijaitolea kitu."

Kaka aliporudi baada ya magharibi mama alimwekea chakula kama kawaida. Hakumgombeza. Alimuuliza tu, mwanangu, kumbe kuna barafu, mbona hukuniambia. Kaka alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, akaendelea kula.

Kesho yake nilimfuata kwenye fremu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maelezo marefu. Alikuwa na redio ya mteja mkononi na hakuiweka chini.

"Ungeliacha tu neno likae," alisema.

Nilimwambia mama alielewa kitu kingine.

"Nilijua ataelewa kitu kingine. Ndiyo maana nilichagua hilo." Alikuwa mtulivu, na utulivu wake ulinitisha. "Mie si mtoto. Baridi naijua kuliko wewe na mama na daktari mkijumlishwa. Nilikuwa tayari kuumwa kidogo. Hicho hamkuniuliza hata mmoja."

Nilianza kulia. Aliniambia nisilie mbele ya fremu, wateja watadhani nimekuja kudai redio yangu iliyoharibiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hanilaumu, mtu aliyepanda basi hadi Mbagala kwa ajili ya nafasi moja ya ziada asingeweza kuliacha shati lile. Alikusudia kunifariji. Ni maneno yaliyoniumiza kuliko yote niliyowahi kuambiwa.

Nilijaribu kurekebisha. Nilimwomba daktari azungumze na mama, na tulikwenda wote watatu kliniki. Daktari alirudia yale yale kwa upole: asipande juu sana, ajifunike, anywe maji, anaweza. Mama alimshukuru sana, akamwombea heri na watoto wake. Nje, chini ya kibanda cha kusubiria, akatuambia, "Daktari kasema anaweza. Hajasema lazima." Nilitafuta miamba mingine, ya kusini zaidi, karibu na bahari, mahali ambapo Julai ni joto hata usiku. Nilimwonyesha kaka. Alitazama picha moja baada ya nyingine kwa adabu, kama anayeonyeshwa nyumba za kupanga asizozitaka. Alisema radhi haiombwi mara mbili kwa safari ileile kwa kubadilisha jina la mahali. Mama atadhani tunamchezea tena, na safari hii atakuwa sahihi.

Kuhusu mimi, mama hakuwa na neno. Alisema mbele yetu wote wawili, akichambua mchele: "Wewe nenda. Wewe mwili wako mzima."

Hakumaanisha ubaya. Ni kweli tu. Baba na mama wote wawili walibeba chembe ya ugonjwa ule bila kujua, na katika mgawanyo wake kaka alipata zote mbili, mimi sikupata hata moja. Nilipimwa nikiwa darasa la saba. Mama alisujudu palepale maabara. Kaka, ambaye alikuwa na kanula ya dripu mkononi siku hiyo, alinipa pongezi kama mtu aliyefaulu mtihani. Maisha yangu yote nimekuwa nikijitahidi kufanya kila kitu bila kosa, na sidhani ni ajabu. Niliingia duniani nimebeba uzima ambao ulipaswa kugawanywa.

Kipupwe kiliingia mapema mwaka huu. Wiki ya kwanza ya Juni mvua nyembamba ilinyesha siku mbili na kaka akabanwa. Maumivu yalimwanza kifuani yakashuka nyongani. Tulimpeleka hospitali alfajiri, mama akiwa na blanketi mbili na termosi, na nesi wa mapokezi akamwita kwa lile jina lake la utani kabla hatujaandikisha. Nilikaa naye mchana, mama alikwenda nyumbani kuoga. Dripu ilikuwa ikishuka. Midomo yake ilikuwa mikavu lakini alikuwa ameanza kupata nguvu za kusema.

"Haya," akaniambia, "nimebanwa Kipawa, chini ya blanketi mbili, mama yangu amenikumbatia. Sasa Kipawa nayo tuikataze?"

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu na kugeukia ukutani. Alipozungumza tena alisema niende. Rafiki yetu atanishika kamba, ni mzito kuliko yeye, hahitaji kufungwa kwenye jiwe. Nikamwambia sitaki. Akasema anajua sitaki, lakini kama nikibaki, kila nitakapomtazama nitakuwa namlipa, naye hana nguvu za kupokea malipo kila siku.

Basi naenda. Viza yangu imetoka. Yake hatukuiomba.

Aliruhusiwa kutoka hospitali wiki iliyopita. Mchana hulala barazani kwenye mkeka, jua linapofika, amevaa sweta na soksi, na mojawapo ya yale mashati ya mama kwa ndani. Mama aliyamalizia yote. Hayo mengine mawili yamening'inia kwenye msumari wa chumba chake, yamepigwa pasi. Mama huja kumgusa shingo kila akipita kuelekea jikoni. Wanazungumza vizuri, wanataniana hata. Hakuna aliyemkosea mwenzake kwa kiasi cha kuweza kuombana msamaha, na labda ndiyo sababu nyumba imekuwa nzito hivi.

Jana aliniita. Alitaka nimsomee mpango, ule wote, siku kwa siku, ajue nitakuwa wapi lini. Nilileta kompyuta nikakaa karibu na miguu yake. Nikaanza: tutafika saa nne asubuhi, tutapokewa stesheni, tutapumzika mchana kutwa.

"Rekebisha," akasema, macho yamefumbwa.

"Nini?"

"Hiyo tu. Unasoma tutafika, tutapumzika. Nani na nani?"

Nilimwambia nitarekebisha nikipata nafasi, si muhimu.

"Wewe ndiye unayesema si muhimu?" Alifumbua jicho moja. "Rekebisha sasa hivi, mie nipo. Anza juu."

Nikaanza juu. Kufuta herufi mbili na kuandika nyingine mbili ni kazi ndogo sana. Nitafika. Nitapokewa. Nitapumzika. Yeye alikuwa akisikiliza sauti ya vibonye, nikichelewa anauliza nimekwama wapi. Asubuhi nitatembea hadi mwamba wa kwanza. Nitarudi kabla ya jua kuzama. Mama alitoka na kikombe cha uji, akasimama mlangoni kidogo, akamwekea kaka karibu na mkono, akarudi ndani bila kuuliza tunafanya nini.

Nikafika mahali ambapo niliandika, wakati ule wa mwanzo: tutakumbushana kunywa maji.

Niliacha kubonyeza. Akauliza nini tena. Nikamsomea. Nikajaribu kubadilisha kama nilivyobadilisha mengine, na nikaisoma kwa sauti, nitakumbushana. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu, akaniomba nisimchekeshe, bado panauma. Nilimwambia hakuna neno kama hilo, hicho ni kitendo cha watu wawili, mmoja hawezi kukumbushana. Alifikiri kidogo, akiangalia dari ya baraza.

"Nitajikumbusha," akasema.

"Eti?"

"Nitajikumbusha kunywa maji. Andika hivyo. Si ni Kiswahili?"

Ni Kiswahili. Niliandika. Akanywa uji wake kidogo, akafumba macho tena, akaniambia nisome kutoka juu, taratibu, asikie kama kuna nyingine iliyobaki.